Picha ya Kahura na kurasa zake

Ukishughulika na historia ya tiba katika Afrika Mashariki, hutachukua muda kukutana na picha hii. Mwanamke kijana amelazwa kwenye kitanda kilichoinama, kichwa kikielekea ukuta wa kibanda. Amefungwa kifuani na mapajani kwa mbugu, yaani kitambaa cha magome ya mti. Mwanamume mmoja amemshika miguu, mwingine anamtuliza tumbo, na wa tatu ana kisu mkononi. Ni upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Robert Felkin, mmisionari Mwingereza, aliushuhudia mwaka 1879 mahali alipopaita Kahura, katika Uganda ya leo, na taarifa yake ikachapishwa katika jarida la udaktari la Edinburgh Medical Journal mwaka 1884.

Mtandaoni picha inasambaa peke yake, imekatwa kingo zote, na chini yake sentensi moja tu: Waafrika walipasua kabla ya Wazungu. Naipenda sana picha hii, na ndiyo maana inaniuma kuiona hivyo. Uzito wake umo katika maandishi iliyochapishwa pamoja nayo, na makala yote ni kurasa chache tu zinazosomeka kwa mkao mmoja.

Maandishi yanaanza pale picha inapoishia. Mama ana umri wa miaka ishirini hivi, mimba yake ya kwanza. Amenyweshwa pombe ya ndizi hadi amelewa nusu. Mpasuaji ananawa mikono na kuliosha tumbo la mama, kwanza kwa pombe hiyo hiyo, kisha kwa maji. Anapasua haraka kwa mstari wa katikati, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu, na mkato huo huo unapita ukuta wa tumbo na sehemu ya mfuko wa uzazi. Maji ya uzazi yanamwagika. Msaidizi anagusa sehemu zinazotoka damu kwa chuma chenye moto, na Felkin anaandika kwamba chuma kilitumika kwa uchache sana. Mtoto anatolewa, kitovu kinakatwa, na hapo mpasuaji anaangusha kisu na kuushika mfuko wa uzazi kwa mikono miwili na kuuminya. Anaingiza vidole na kupanua shingo ya kizazi kutoka ndani kwenda nje, anatoa mabonge ya damu na kondo, kisha anaendelea kuukandamiza mfuko mpaka ujikaze.

Hapo kwenye kuminya ndipo ningependa kila mkunga na daktari asimame kidogo. Mfuko wa uzazi uliolegea baada ya mtoto kutoka huvuja damu kwa kasi ya kuua, kwa sababu mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubaki wazi hadi misuli inayoizunguka ijikaze na kuibana. Mpasuaji wa Kahura hakushona mfuko wa uzazi hata uzi mmoja. Mtu akisoma haraka ataona huo ni upungufu wa kienyeji, ila Ulaya nako walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo hilo. Daktari Mwitaliano Porro, mwaka 1876 huko Pavia, aliona njia ya kumwokoa mama ni kuukata mfuko juu ya shingo yake na kuutoa. Max Sänger, daktari wa Leipzig, Ujerumani, alitoa hoja yake ya kuushona kwa uangalifu mwaka 1882, yaani miaka mitatu baada ya Kahura. Kwa hiyo tukilinganisha, tulinganishe na Ulaya ya 1879, tusilinganishe na wodi zetu za leo.

Kisha kufunga jeraha. Mkeka wa nyasi unawekwa juu, mama anafunguliwa na kugeuzwa pole pole mikononi mwa wasaidizi ili majimaji ya tumboni yachuruzike sakafuni. Analazwa tena, na kingo za jeraha zinakutanishwa kwa pini saba nyembamba za chuma, zilizong'arishwa vizuri, zikafungwa kwa kamba ya magome. Juu yake rojo la mizizi ya aina mbili iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa motoni, na bendeji ya mbugu iliyokazwa. Mama hakutoa sauti mpaka pini zilipokuwa zinachomekwa.

Kuna namna ya kumjaribu shahidi wa pekee, nayo ni kuhesabu anachokihesabu. Felkin anasema pini moja ilitolewa asubuhi ya siku ya tatu, tatu siku ya tano, na zilizobaki siku ya sita. Moja na tatu ni nne, zinabaki tatu: saba zimetimia. Anataja joto la mwili, lisilozidi nyuzi 99.6 za Fahrenheit isipokuwa usiku wa pili, lilipofika 101 (kama 38.3 za Selsiasi) na mapigo ya moyo 108. Anataja usaha kidogo, maziwa haba kwa siku kumi hata mtoto akanyonyeshwa na rafiki, na mkwaruzo kwenye bega la kulia la mtoto uliopona kwa siku nne. Siku ya kumi na moja jeraha limeziba, na siku hiyo hiyo yeye anaondoka. Mambo haya si ya kuvutia wasomaji, na mtu anayetunga kisa cha kusisimua angeyaruka. Hata hivyo shahidi ni mmoja, hakuwa amehitimu udaktari wakati huo, na hatujui mama aliendeleaje baada ya siku ya kumi na moja. Yote matatu yaandikwe.

Juu ya pombe ya ndizi, naomba tusizidishe. Wapo wanaoandika kwamba huo ni ushahidi wa kuua vijidudu kabla au sambamba na Lister, daktari Mwingereza aliyeeneza upasuaji wa kuua vijidudu. Ili kileo kiue vijidudu vya ngozi kwa uhakika kinahitaji kuwa kama asilimia 60 na kuendelea. Pombe iliyochachushwa bila kukenekwa haifiki karibu na hapo. Kilichosaidia ni tendo lenyewe la kunawa, maana maji na kusugua huondoa uchafu mwingi. Hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mwaka 1879, na halihitaji chumvi.

Tukija kwenye karatasi, swali la kwanza mbele ya nakala yoyote ya picha ya karne ya 19 ni kama ndiyo ya toleo la awali au imechapwa upya. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10 na uangalie sehemu ya kivuli. Ukiona nukta zilizopangwa safu kwa safu, hiyo ni nakala iliyopigwa kwa kamera na kuchapwa baadaye, hata kama karatasi imegeuka njano. Mchongo wa mbao huonyesha mistari yenye kingo kali, wino umejikusanya pembeni mwa mstari kwa sababu ya mgandamizo, na ukipitisha mwanga wa tochi kwa ubavu utaona karatasi imebonyea. Chapa ya jiwe haibonyezi chochote. Wino umelala bapa, na kivuli kina chembechembe za kalamu ya nta. Kumbuka pia kwamba kati ya mchoro wa msafiri na ukurasa wa jarida kwa kawaida alikuwepo fundi wa kuchonga au kuchora upya, mtu ambaye hakukanyaga kibanda hicho. Ndiyo maana siuamini mchoro kuhusu sura za watu wala umbo la kisu kwa kiasi ninachoyaamini maandishi.

Majarida ya miaka hiyo yana ugonjwa wake. Karatasi nyingi zilianza kutengenezwa kwa rojo la mbao na kuwekwa shabu (alum), na asidi inayobaki humo huzila taratibu mpaka pembe zinakatika kama biskuti. Usikunje pembe kujaribu uimara wake. Usifungue juzuu nene zaidi ya nyuzi 90, na pande zote mbili ziegemee kwenye sponji ili mgongo usibebe uzito. Mikono mikavu na safi ni bora kuliko glavu za pamba, kwa sababu glavu hupoteza hisia za vidole na ndipo ukurasa unapochanika. Glavu za nitrili ziwekwe kwa ajili ya picha za kamera na negativu za kioo. Selotepu isikaribie kabisa: gundi yake hupenya, hugeuka kahawia, na kuitoa ni kuchukua nyuzi za karatasi pamoja nayo. Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kwenye miji yetu ya joto, hatari kubwa zaidi ni unyevu wa hewa. Ukivuka asilimia 65 na kukaa hapo, ukungu huanza. Rafu isiegemee ukuta wa nje, na feni inayozungusha hewa usiku kucha ina faida kuliko kiyoyozi kinachozimwa jioni, kwa kuwa ni kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakopindisha jalada.

Ukiiweka picha kwenye kompyuta, skani ukurasa mzima kwa nukta 600 kwa inchi, katika TIFF (aina ya faili ya picha), pamoja na kingo na namba ya ukurasa na kadi ya rangi pembeni. Usibane kwa kioo juzuu iliyoshonwa kwa nguvu. Skani na kurasa za kabla na baada, uziunganishe kwa rekodi moja.

Rekodi hiyo nayo ijazwe kwa haki. Katalogi nyingi zina jina moja tu, Felkin. Yeye aliandika mapigo ya moyo ya mama, ila si jina lake, wala la mpasuaji. Ningeweka wazi: mama, takriban miaka 20, jina halikuandikwa, mpasuaji, jina halikuandikwa, wasaidizi vivyo hivyo, mtazamaji, Felkin. Mahali ni Kahura, ambapo wanahistoria wengi hupaweka katika ufalme wa Bunyoro, ingawa makala inasema Uganda, jina lililomaanisha Buganda wakati huo. Na kwa kuwa mama yuko uchi, picha isiwe ya kwanza kujitokeza kwenye ukurasa wa maonyesho. Mtu aifikie kupitia maelezo.

Kampala kuna mfano wa faida ya kuviacha vitu pamoja na jirani zake. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa zikatunzwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 watafiti walichapisha katika British Medical Journal uchambuzi wa saratani zilizoonekana Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Waliweza kwa sababu kumbukumbu zile zilihifadhiwa kwa mfuatano wake, mgonjwa wa malaria akiwa karibu na mwenye uvimbe, bila mtu kupita na kuchomoa zile za kusisimua.