Siku moja maishani mwangu: majedwali mawili, orodha moja

Saa 2:30 asubuhi. Nafungua kompyuta, ujumbe wa mhasibu wetu unanisubiri: "Kaka, naomba orodha moja ya malipo yote ya mwezi uliopita. Nafunga hesabu leo jioni." Katikati ya mwezi huo tulihamia mfumo mpya, kwa hiyo malipo yamelala kwenye majedwali mawili.

Saa 3:00. Mwenzangu ananishauri nitumie JOIN, amri ya SQL, ile lugha ya kuiuliza hifadhidata. Namweleza kuwa JOIN hutanua: huchukua mstari wa huku na wa kule ikaiweka ubavu kwa ubavu. Mimi nataka mistari ya jedwali la pili ikae chini ya ile ya la kwanza, na hiyo ni kazi ya UNION.

Saa 4:00. Naendesha kila swali, yaani amri ya kuvuta data ya jedwali moja, peke yake na kuandika idadi ya mistari kwenye karatasi: 1,204 na 862. Jedwali la zamani halina namba ya simu, basi naweka NULL (alama ya kuwa hakuna thamani) mahali pake ili safu, yaani nguzo za jedwali, zilingane kwa idadi. Hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu kupita kiasi. Hifadhidata haijali majina ya safu, inajali nafasi tu: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Jina la mteja na mji wake vyote ni maandishi. Ukivibadilisha nafasi, swali linapita bila kulalamika, na ripoti inatoka na mteja aliyeitwa kwa jina la mji. Nazisoma safu kwa sauti, kidole kikiwa kwenye skrini.

Saa 6:00 mchana. Nayaunganisha maswali mawili kwa UNION. Mistari 2,051. Karatasi yangu inasema 2,066.

Kumi na tano zimekwenda wapi? Nachimba karibu saa nzima. Kumbe kuna wateja waliolipa kiasi kilekile mara mbili kwa siku moja, nami sikuchagua namba ya risiti, hivyo mistari yao ikawa pacha. UNION hufuta pacha, hata wakiwa wametoka jedwali moja. Lakini yale ni malipo halali, pesa za watu waliolipa kweli!

Naandika UNION ALL, isiyofuta pacha: 2,066. Na ni nyepesi zaidi, kwa kuwa hifadhidata haihangaiki kulinganisha mistari. Naongeza namba ya risiti, pamoja na safu yenye neno 'zamani' au 'mpya', ili kila mstari useme ulikotoka.

Saa 9:00 alasiri. Kupanga kwa tarehe. ORDER BY, amri ya kupanga, ni moja tu, mwisho kabisa, na hutumia jina la safu lililotoka kwenye swali la kwanza.

Saa 11:00 jioni. Mhasibu anajibu: "Imelingana na benki. Asante sana, kaka."

Sijafunga kompyuta bado. Nimefungua ripoti ya robo mwaka iliyopita, niliyoiandika mwenyewe kwa UNION, na nahesabu mistari upya.