Mashini yako ya kwanza ya kushona: kagua mshono, rangi baadaye

Anayeanza kushona hapa Bukavu huuliza kwanza, "Mashini gani ni nzuri?" Kuna maswali mawili ya kutangulia hilo: umeme unafika kwako saa ngapi, na fundi wa karibu ana vipuri vya mashini ipi? Ukishayajibu, nusu ya mashini zilizopangwa sokoni zinajiondoa zenyewe. Na ile ya plastiki yenye mishono 30, ambayo ndugu aliye Ulaya anataka kukutumia, mara nyingi inaondoka pamoja nazo.

Kwa mtu wa Kadutu, Bagira au Panzi anayetaka kushona vikwembe, sare za shule na mashuka, mashini ya kwanza iwe ya miguu, ya chuma, yenye mshono mmoja tu ulionyooka: Butterfly nyeusi, Singer ya zamani, au nyingine ya umbo hilo. Nyingi kati ya hizo ni ndugu wa Singer ya aina ya 15, ambayo viwanda vya Japani na China viliinakili kwa wingi. Ndiyo maana bobini (kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini), boksi lake na sindano za moja huingia kwenye nyingine. Sindano yake ni ile ya kawaida ya nyumbani, 130/705 H. Bobini ni bapa pande zote mbili, upana kama milimita 20, kimo karibu 12. Zunguka masoko ya Kadutu na Nyawera ukatafute bobini hiyo na boksi lake kabla hujanunua mashini. Ukivipata kwa wauzaji watatu, uko salama. Usipovipata popote, mashini inayovihitaji usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Faida kubwa ya mashini ya miguu ni kwamba haingojei SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatwa saa mbili usiku na harusi ni kesho, unawasha taa ya sola na kuendelea. Faida ya pili ni ya mwanafunzi: mwendo unatoka mguuni mwako. Kwenye kona ya kola unaweza kushona tundu moja, ukasimama, ukashona jingine. Mota ya umeme mguuni mwa asiyezoea inaruka, na kidole kiko karibu na sindano.

Lakini miguu ina somo lake. Gurudumu la mkono lazima lizunguke kuja kwako, siku zote. Likizunguka kinyume, uzi unajisokota chini na sindano inaweza kuvunjika. Weka mguu mmoja mbele kidogo kuliko mwingine juu ya ubao, anzisha gurudumu kwa mkono wa kulia, kisha kisigino na vidole vipokee kwa zamu. Fanya hivyo bila uzi, juu ya karatasi ya daftari yenye mistari, mpaka matundu yafuate mstari na gurudumu lisirudi nyuma hata mara moja. Anayeruka hatua hii atalaumu mashini kwa kosa la mguu.

Mkanda wa ngozi ukilegea, gurudumu kubwa la chini linazunguka na la juu linateleza. Ukikazwa mno, miguu inachoka haraka na vikombe vinavyobeba ekseli vinalika. Uwe mkavu, na ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie kama sentimita moja na nusu. Ukirefuka, fundi anakata milimita chache na kuufunga tena kwa kipini cha waya. Angalia pia sakafu. Nyumba nyingi zetu ziko mteremkoni, na meza ya mashini inayoyumba inaharibu mshono mzuri, kwa hiyo weka vipande vya mbao chini ya miguu mpaka itulie.

Sasa, kukagua. Nenda na vitu vyako mwenyewe: sindano mpya namba 90 na nyingine ya 100 kwa jinzi, uzi wa poliesta wa rangi mbili, kipande cha kikwembe cha pamba na kipande cha jinzi. Usikubali kujaribu kwa kitambaa cha muuzaji, kwa sababu amekichagua kile ambacho mashini yake inakipenda. Mwambie tu, "Papa fundi, tuweke sindano yangu na uzi wangu." Muuzaji mwaminifu hakatai.

Kabla ya uzi, inua mguu unaokandamiza kitambaa na uzungushe gurudumu polepole kwa vidole viwili. Liende kwa wepesi ule ule mzunguko mzima. Likiwa zito mahali pamoja tu, kuna kitu kimepinda au nyuzi zimenasa karibu na ndoano, kile chuma cha chini kinachonasa uzi wa sindano. Likiwa zito kila mahali, huenda ni mafuta yaliyoganda, na hilo linatibika. Shika kile chuma kinachobeba sindano ukitikise mbele na nyuma: kikicheza sana, achana nayo. Papasa meno yanayosukuma kitambaa, yawe makali kiasi cha kukwaruza ncha ya kidole. Kisha tazama tundu la sahani ya sindano. Likiwa na mikwaruzo iliyoinuka, uzi utakatika kila mara. Sahani inabadilishwa kwa urahisi, lakini hesabu gharama yake ndani ya bei.

Boksi la bobini nalo lina mtihani wake. Tia bobini yenye uzi, shika ncha ya uzi, acha boksi lining'inie. Libaki hapo hapo, na ukilitikisa kidogo lishuke sentimita chache kisha lisimame. Likianguka moja kwa moja, skrubu ndogo ya pembeni imelegea, na lisiposhuka kabisa imekazwa mno. Skrubu hiyo hugeuzwa robo tu kwa mara moja.

Halafu shona. Rangi moja juu, nyingine chini, mstari wa sentimita 30 juu ya kikwembe kilichokunjwa mara mbili. Mshono mzuri hauonyeshi rangi ya chini upande wa juu wala ya juu upande wa chini, kwani nyuzi zinafungana katikati ya kitambaa. Weka urefu wa mshono kwenye milimita 2.5, kisha hesabu: kwenye sentimita 10 upate mishono kama 40. Ukipata 55, meno hayasukumi vizuri au kipimo hakisemi kweli. Weka sindano ya 100, urudie juu ya jinzi ya tabaka nne. Mwisho rudisha nyuma, uone kama mstari unabaki karibu na ule wa kwanza.

Hapa ndipo maneno mengi ya sokoni yanapozaliwa, kwa hiyo jua dalili. Ukiona kiota cha nyuzi chini ya kitambaa, usiguse bobini. Karibu kila mara ni uzi wa juu ambao haukuingia katikati ya visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi, kwa sababu ulipitishwa mguu wa kukandamiza ukiwa chini na visahani vimefungwa. Inua mguu, pitisha upya. Mashini ikiruka mishono, sababu ya kwanza ni sindano iliyopinda, butu, au iliyowekwa kinyume: upande wake bapa uelekee kwenye ndoano, na uzi uingie kupitia upande wenye mfereji mrefu. Muuzaji atasema, "Ni sindano tu." Ndiyo maana umekuja na mpya. Ikiruka hata kwa sindano mpya iliyokaa sawa na kusukumwa juu mpaka mwisho, basi ndoano na sindano hazikutani kwa wakati. Ncha ya ndoano inapaswa kupita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, pale sindano inapokuwa imepanda milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa. Fundi hurekebisha, lakini afanye hivyo kabla hujalipa.

Na umeme? Kuna wanaouhitaji: mwenye maumivu ya magoti, anayeshona vitambaa vya kuvutika, anayetaka zigizagi na matundu ya vifungo. Mnunulie mashini ya vitasa vya kuzungusha badala ya ile yenye kioo na vibonye. Umeme unaopanda na kushuka huua kadi ya kompyuta ya ndani haraka kuliko unavyoua mota. Soma kibati kilicho karibu na plagi. Kiandike 220–240 V. Kikisema 110 au 120 V, mashini hiyo ilitengenezewa soko kama la Marekani, na ukiichomeka ukutani kwetu mota itaungua. Mashini nyingi za nyumbani hazizidi wati 100, kwa hiyo kidhibiti umeme kidogo kinatosha. Mashini ya kiwandani kama Juki ya meza kubwa iachie atelie. Inaweza kupita mishono 5,000 kwa dakika, kasi isiyomfaa anayejifunza kona. Vile vimashini vya kushika mkononi vinavyotumia betri havifai kabisa: vingi hushona mnyororo wa uzi mmoja, ukivuta ncha mshono wote unafumuka.

Wengi huogopa mashini ya mshono mmoja kwa sababu ya kingo zinazochanika. Kwa kikwembe, zifiche. Acha sentimita 1.5 ya ziada. Weka vipande migongo ikitazamana, shona milimita 7 kutoka ukingoni, punguza ukingo ubaki milimita 3, piga pasi. Geuza nyuso zitazamane, shona tena kwa milimita 8. Ukingo umefungwa ndani, na nguo inastahimili kufuliwa.

Patana bei kwa sehemu: kichwa, yaani mashini yenyewe, peke yake, meza na chuma chake peke yake, mota kama ipo. Kichwa kizuri juu ya meza iliyooza ni biashara nzuri. Kinyume chake si biashara.

Siku ya kwanza nyumbani ni ya mafuta. Tumia mafuta meupe ya mashini ya kushona. Usitumie mawese, mafuta ya kupikia wala ya gari, kwani yanaganda na kukamata vumbi la pamba. Tone moja kila tundu, zungusha, kisha shona kitambaa kibovu mpaka doa liishe. Kilichoganda kilainishe kwanza kwa mafuta ya taa, futa, ndipo upake. Unyevu wetu wa ziwani na miezi mirefu ya mvua huleta kutu, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa cha pamba. Plastiki inafungia unyevu ndani. Pamoja na mashini nunua bobini tano, bisibisi ndogo, mkanda wa akiba, na sindano kumi za namba 80 na 90: 80 kwa pamba nyepesi, 90 kwa kikwembe na sare. Kwa jinzi ongeza 100. Sindano ikianza kupiga mlio wa "tak" inapoingia kitambaani, itoe, hata kama inang'aa.