Fedha za Florida huja baada ya matokeo: nilivyoanzisha IB katika shule ya serikali

Watu wakisikia kwamba jimbo la Florida linazilipa shule za serikali zinazofundisha IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa), wengi hudhani kuna fomu ya kujaza, unaituma Tallahassee, makao makuu ya jimbo, halafu unakaa kusubiri hundi. Mkuu wangu wa shule alidhani hivyo, na ndiyo maana alinikabidhi uratibu kwa moyo mweupe kabisa: "Wewe kazi yako ni kuomba tu." Fomu hiyo haipo. Fedha zipo, tena si haba, ila zinafuata mitihani ambayo wanafunzi wako wamekwisha kuifaulu. Shule ambayo haijatoa mtahiniwa hata mmoja haina inachodai.

Mimi nilisoma Tanzania hadi kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nikaja Marekani, nikabeba boksi kwanza kama wengi wetu, baadaye nikapata leseni ya ualimu. Nafundisha historia kaskazini mwa Florida, katika shule ambayo wanafunzi wengi hula chakula cha bure. Walimu wenzangu Waswahili walio majimbo mengine huniuliza tuliwezaje, kwa hiyo naandika mara moja niwe natuma hiki.

Kwa asiyeijua, diploma ya IB husomwa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, yaani darasa la 11 na la 12. Masomo ni sita, matatu yakiwa ya ngazi ya juu, kila somo lina alama 1 hadi 7, na juu yake kuna insha ndefu ya hadi maneno 4,000. Aliyepita kidato cha sita cha kwetu hashtuki: unaandika kurasa kwa kurasa, na anayekusahihisha humjui wala hakujui. Mtoto aliyezoea kuchagua a, b, c au d ndiye anayeshtuka, na mzazi wake pia.

Sasa hesabu. Iko katika sheria ya jimbo, kifungu 1011.62, na ukitaka kuongea na watu wa bajeti uwe nayo kichwani. Florida hugawa fedha za shule kwa kuhesabu wanafunzi. Mwanafunzi akipata 4 au zaidi katika mtihani mmoja wa IB, wilaya, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, huongezewa 0.16 ya mwanafunzi katika hesabu ya mwaka wa fedha unaofuata. Akipata diploma nzima, inaongezwa 0.3. Mwaka wa fedha 2024-25 kiwango cha msingi kwa mwanafunzi kilikuwa dola 5,330.98. Maana yake mtihani mmoja uliofaulu ulileta dola 850 na ushee, na diploma ikaleta karibu dola 1,600 nyingine, kabla ya marekebisho ya gharama za maisha ya kila wilaya. Asilimia 80 ya fedha hizo sheria inataka ziende kwenye programu ya shule iliyozizalisha. Mwalimu hupata dola 50 kwa kila mwanafunzi wake aliyepata 4 au zaidi. Mwanafunzi mwenyewe halipi ada ya mtihani, afaulu asifaulu. Ada hiyo, karibu dola 120 kwa somo wakati tunaanza, ni mzigo wa shule.

Tatizo ni miaka ya mwanzo. Kwanza unakuwa shule mgombea, unapangiwa mshauri, walimu wanakwenda mafunzo yanayotambuliwa na IB, wakaguzi wanakuja. Ukishaidhinishwa ndipo kundi la kwanza la wanafunzi linaanza, nalo lina miaka miwili mbele yake. Muda wote huo ada zinadaiwa, na ada ya mwaka ya shule ya diploma peke yake ilizidi dola 11,000. Senti ya nyongeza hakuna.

Mafunzo ya walimu tuliyalipa kwa fedha za Title II, ambazo serikali kuu hutoa kwa ajili hiyo hiyo, kwa hiyo pale hapakuwa na ubishi. Vitabu tuliviingiza katika ununuzi wa kawaida wa wilaya. Ada ya mwaka ndiyo ilikuwa mfupa mgumu. Nilimwendea naibu msimamizi wa wilaya na karatasi moja, upande wa kushoto miaka, upande wa kulia fedha zinazotoka na zinazorudi. Hakuuliza IB ni nini wala watoto watafaidikaje. Aliweka kidole kwenye safu ya kurudi akasema, "Hii mbona iko mbali sana?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo. IB inamruhusu mwanafunzi wa diploma kufanya hadi masomo mawili ya ngazi ya kawaida mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza. Nikapanga somo la saikolojia lifundishwe darasa la 11 na mtihani ufanyike Mei hiyo hiyo. Kwa njia hiyo fedha za kwanza zingerudi mwaka mzima kabla ya diploma ya kwanza kutoka. Naibu akakubali kulipa ada kutoka mfuko mkuu hadi fedha zitakapoanza kurudi. Ningekuwa nimekwenda na hotuba kuhusu elimu ya kimataifa, nadhani ningerudi na kalenda ya wilaya na kikombe.

Vita iliyofuata ilikuwa ndani ya shule. Mkuu alitaka tuchuje: wenye wastani wa alama wa 3.5 kati ya 4 tu, tusije tukalipia mitihani ya watu watakaofeli. Hoja yake inasikika ya busara mpaka uipigie hesabu. Chukua wanafunzi watano wasio na uhakika, uwaandikishe somo moja moja. Ada yao ni dola 600. Akifaulu mmoja tu kati yao, asilimia 80 ya nyongeza yake ni dola 680 hivi. Inalipa ada za wote watano, na ile 50 ya mwalimu, na chenji inabaki. Wakifaulu wawili, shule imepata faida kwa kundi ambalo sisi wenyewe tulilikatia tamaa. Tena si lazima mtu achukue diploma nzima. IB inaruhusu somo moja au mawili. Nilimwandikia hesabu hiyo ubaoni ofisini kwake, naye hakuifuta kwa muda mrefu. Wastani wa 3.5 ukaondoka kwenye tangazo letu.

Ndivyo alivyoingia kijana mmoja ambaye wazazi wake wanatoka Fizi, Kivu Kusini, na yeye mwenyewe alikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kaskazini mwa Florida tuna familia nyingi za Kikongo zilizoletwa kama wakimbizi. Hesabu alikuwa mkali. Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa bado kinajengeka, na fasihi ya Kiingereza ilimwogopesha. IB ina fasihi ya Kiswahili kama lugha ya kwanza, na mwanafunzi ambaye shule yake haina mwalimu wa lugha hiyo anaweza kujisomea ngazi ya kawaida kwa msaada wa mkufunzi wa nje. Kazi za fasihi ni tisa. Nilimtafutia mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi na wanawe Texas, wakawa wanasoma kwa simu ya video jioni.

Mama yake aliniita pembeni siku ya wazazi. "Shikamoo mwalimu. Hiki Kiswahili anasoma cha nini tena? Si tulikuja huku ajue Kizungu?" Nikamweleza kwamba mtoto anachukua na fasihi ya Kiingereza ngazi ya kawaida, na kwamba akifaulu zote mbili diploma yake itaandikwa ya lugha mbili. Nikamwambia pia kwamba mwenye diploma ya IB akiongeza saa 100 za kujitolea anastahili daraja la juu la Bright Futures, ufadhili wa masomo wa jimbo, ambalo hulipa karo yote katika vyuo vikuu vya umma vya Florida. Hapo akacheka: "Basi asome hata Kifuliiru."

Mtihani wake wa mdomo tuliurekodi katika stoo ya vitabu. Kiyoyozi ilibidi kizimwe, maana mngurumo wake ulikuwa unaingia kwenye rekodi, na ilikuwa siku ya joto la Florida lile la kunata. Yeye anachambua shairi, mimi naangalia saa, jasho linatutiririka wote wawili. Matokeo ya IB huwafikia waratibu tarehe 5 Julai. Kwenye Kiswahili alipata 6, na jimbo la Florida likaongeza 0.16 kwa sababu kijana wa Nyarugusu ameandika vizuri juu ya fasihi ya Kiswahili. Kila nikiifikiria sentensi hiyo huwa nacheka peke yangu.

Fedha hizo nusura zisitufikie. Nyongeza ya kwanza, ile ya saikolojia, ilishafika wilayani ikamezwa na mfuko mkuu, na bajeti ya shule yetu haikuonyesha kitu. Hakuna aliyeiba. Hakukuwa na kasma, yaani namba ya fungu kwenye bajeti, ya IB kwa shule yetu, kwa sababu hatukuwahi kuwa nayo, na mfumo haujui kupeleka fedha mahali pasipo na namba. Nilichapisha kifungu cha sheria, nikapiga mstari mwekundu chini ya asilimia 80, nikaambatanisha orodha ya matokeo, nikaipeleka kwa mhasibu mwenyewe, si kwa bosi wake. Namba ikafunguliwa na fedha zikahamishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Tangu hapo kila Julai natengeneza jedwali langu mwenyewe: somo, idadi ya waliopata 4 na zaidi, kiasi tunachotarajia. Nalipeleka kabla wilaya haijafunga mgawo, ili wanikute nimeshakaa.

Fungu linalorudi limelipa ada ya mwaka, mitihani yote, mafunzo ya walimu wapya, na sehemu ya mshahara wa mwalimu anayewaandaa darasa la 9 na la 10, jambo ambalo sheria inaliruhusu waziwazi. Mwaka 2025 wabunge wa Tallahassee walipojadili kupunguza nyongeza hizi kwa nusu, wazazi wetu waliwaandikia wakitumia jedwali langu hilo hilo, na mama wa yule kijana akatuma barua yake kwa Kiswahili, binti yake akaitafsiri chini. Kama unaanzia jimbo lingine, tafuta kwanza sheria yenu inasema fedha zinatoka lini, kabla au baada ya mtihani. Kisha muulize mhasibu wa wilaya kasma yako ni namba ngapi, hata kama bado haina kitu.