Upepo Umeishia Wapi?

Tuliamka Ruaha Mbuyuni tukakuta tela limelala. Halikuinama upande mmoja. Lilikuwa limekaa chini lote, hata kiganja changu hakikupita kati ya tairi na sakafu yake. Ilikuwa mwaka 2019, nina miezi sita tu ya utingo, na tulikuwa tumebeba mbolea tani 28 kwenda Zambia. Mbele yetu kulikuwa na mlima Kitonga.

Mzee, dereva wangu, aliwasha gari, tukangoja upepo ujae. Geji ikapanda hadi baa 8. Kichwa kikanyanyuka vizuri, tela halikutikisika.

Fundi mmoja wa pale barabarani alichungulia chini, akasema mabaluni yote sita, ile mifuko ya mpira yenye upepo inayolibeba tela juu ya ekseli, yamekwisha. Nilimwamini. Yalikuwa yamekunjamana, meusi, yana vumbi la safari nzima. Nikakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, nikayapaka moja moja nikitafuta povu. Hakuna.

"Mzee, hayavuji!"

"Yavuje nini, mwanangu? Ndani hamna kitu. Upepo umeishia wapi?"

Mimi nilishauri twende hivyohivyo mpaka Iringa. Hapo alinigeukia, na sauti yake ilibadilika. Kwenye tela letu, alisema, vali ya breki hupima mzigo kwa upepo ulio ndani ya mabaluni. Mabaluni yakiwa matupu, vali inadhani tela halina mzigo, inalipatia breki kidogo. Nikazifikiria zile kona za Kitonga, mabasi yakishuka kwa upande wa pili, nasi na tani 28 mgongoni. Sikusema tena.

Kwanza aliniagiza magogo, akayapanga kati ya chesisi na ekseli. Bila magogo hakuna mtu wake aliyeingia chini ya tela la upepo, kwa sababu linaweza kupanda ghafla na kushuka ghafla vilevile. Ndipo akaanza kuufuata upepo kutoka kwenye mtungi. Akalegeza mpira wa upepo unaoingia kwenye vali ya kusawazisha, ile inayopanga kimo cha tela: shiii! Akaubana, akalegeza ule unaotoka kwenda kwenye mabaluni. Kimya.

"Umeishia hapa," akasema.

Vali ile ina mkono mdogo, na mkono umeunganishwa na ekseli kwa kifimbo cha chuma. Mzigo ukiishusha chesisi, mkono unapanda na upepo unaingia. Chesisi ikizidi kupanda, mkono unashuka na upepo unatolewa nje. Kifimbo chetu kilikuwa kimechomoka chini, mpira wake wa mwisho umechanika, nadhani kwenye ule mtaro tuliouruka jana yake tukiingia kupaki. Mkono ulikuwa unaning'inia. Vali ikaamini tela limepanda mno, ikamwaga upepo wote. Ilikuwa nzima kabisa, ikifanya kazi iliyoambiwa.

Mzee aliuinua mkono kwa kidole. Zikapita sekunde kadhaa, nikadhani amekosea, kisha mabaluni yakaanza kujinyoosha, mikunjo ikifunguka, na tela likapanda taratibu likilia vyuma. Sijasahau sauti ile.

"Sasa paka sabuni yako."

Nikapaka. Baluni moja la kushoto, ekseli ya nyuma, likatoa povu dogo kwenye kitako. Fundi hakuwa amekosea kabisa, tulilibadilisha Iringa. Lakini ni moja, si sita.

Alikata kipande cha mpira wa zamani, akakifungia kifimbo mahali pake kwa waya. Kisha akatoa chini ya kiti kijiti cha mninga alichokikata tela lilipokuwa jipya, urefu sawasawa wa kutoka ekseli hadi chesisi. Urefu ukikosewa, uzito unahamia ekseli nyingine, na mbele kulikuwa na mizani ya Wenda, ambako ekseli tatu za tela haziruhusiwi kuzidi tani 24. Alikizungusha kifimbo, akapima, akazungusha tena. Karibu nusu saa. Jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Tulipomaliza kuipanda Kitonga alisimamisha gari pembeni, akanipa kijiti, yeye akabaki kwenye usukani. Nilikwenda peke yangu nikakiingiza kutoka ubavuni. Kilisimama wima, juu kimegusa, chini kimegusa.

"Kimekaa, Mzee."

Akaachia breki.