Vibarua wa Bibi

Saruji aliileta baba mdogo. Alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na kila alipopanda kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kwa Krismasi alilalamika kwamba viatu vyake vinaharibiwa na tope, kana kwamba tope hilo hakuzaliwa nalo. Mwaka mmoja akaja na mifuko ya saruji na fundi, ua wote wa mbele ukasakafiwa mpaka kwenye migomba ya kwanza. Kila mtu akampongeza isipokuwa bibi. Yeye aliuzunguka ule ua, akaugonga kwa kisigino, akauliza, "Sasa vibarua wangu watapita wapi?"

Vibarua wake walikuwa nyungunyungu.

Alisema hao ndio pekee katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, wasiodai posho, wasiomaliza pombe yake ya mbege, wala wasioomba ruhusa ya kwenda msibani. Akipanda mgomba mpya, shimo likishachimbwa na samadi kumwagwa, alikwenda nyuma ya zizi akarudi na nyungunyungu wachache kiganjani, akawalaza chini, akawaambia, "Haya, kazi kwenu." Na kabla hajaanza kuchimba mahali popote aliugonga udongo kwa mpini wa jembe. Anapiga hodi, alisema, ili wajisogeze. Kulikuwa na imani pale kijijini, na nadhani ipo hadi leo, kwamba ukimkata nyungunyungu katikati unapata wawili. Bibi hakutaka kuisikia. "Unapata maiti," alisema. Na kweli kipande cha mkia hakijengi kichwa. Akipona ni yule wa upande wa kichwa, naye kwa bahati tu.

Hiyo hodi watu waliicheka. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Charles Darwin, mzee wa Kiingereza ambaye kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu. Aliwafuga kwenye vyungu nyumbani kwake. Mwanawe aliwapigia basuni, hawakushtuka hata kidogo, maana hawana masikio. Lakini chungu kilipowekwa juu ya piano na noti moja ikapigwa, walizama mashimoni: mtikisiko waliusikia kwa mwili. Nikamkumbuka bibi na mpini wake. Darwin alikuwa na piano, sisi tulikuwa na jembe.

Sisi wajukuu tulikulia humo. Mmoja mnene kupita wote, mkazi wa lundo la samadi, tulimwita Mwenyekiti, na kila mnene aliyeonekana popote akawa Mwenyekiti, hata akionekana pande mbili za kihamba kwa siku moja. Upande wa kahawa hakufika. Huko babu alipiga mrututu, dawa yenye shaba, kila msimu kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na bibi alishikilia kwamba mrututu ndio uliowafukuza vibarua. Hakubishana sana, kwa sababu kahawa ndiyo iliyolipa ada zetu. Ila alikuwa sahihi. Shaba iliyomo kwenye ile dawa haiozi. Inakaa miaka kwenye udongo wa juu, palepale nyungunyungu anapotafuta chakula.

Sasa niifikie ile posa.

Ilikuwa Aprili 1998, baada ya Pasaka, na mvua za El Niño zilikuwa zimetuchosha tangu mwaka uliotangulia. Shangazi, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anaposwa na kijana wa Machame, majirani zetu. Sisi Wakatoliki, wao Walutheri, hilo la kwanza. La pili lilikuwa babu, ambaye alipozungumza na mtu wa Machame hakukawia kufika kwa Mangi Sina, mtawala wa Kibosho wa zamani, na vita vyake, kabla Wajerumani hawajaivunja ngome yake mwaka 1891. Alivisimulia kwa kinyongo kikubwa, ingawa kwa jinsi vita vile vilivyokwenda, wenye haki ya kununa walikuwa Wamachame.

Mvua ilinyesha tangu usiku ikakatika karibu na saa sita, ghafla, na jua likatoka kali. Land Rover ya wageni ilikwama chini ya kilima. Wakamwacha dereva, wakapanda kwa miguu na madumu yao ya mbege, suruali zimekunjwa, mshenga akiwa mbele na viatu alivyokuwa ameving'arisha vizuri asubuhi hiyo. Walipofika kwenye masale, ile mimea ya mpakani, ya mlangoni, ua wetu wa saruji ulikuwa umejaa nyungunyungu.

Watu husema wanakimbia maji. Si lazima iwe hivyo. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu, hivyo siku kavu hana safari. Mvua ikilowesha ardhi ndipo anatoka kutembea usiku. Kwenye udongo, jua likichomoza anazama tu. Kwenye saruji ya baba mdogo hakuna pa kuzama. Walikuwa wanajinyonganyonga pale, wengine wameanza kukauka ncha, na kuku walikuwa wameshaarifiwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema bibi. "Bwana Yesu asifiwe," akasema mshenga, wakati uleule, na hakuna aliyemwitikia mwenzake. Mshenga akanyanyua mguu aingie.

"Simama hapohapo!"

Mguu ukabaki hewani. Nyuma yake walitazamana; mmoja akashusha dumu. Nadhani walijua wamekwisha kataliwa kabla ya kutamka neno. Baba mkubwa akatoka ndani mbio, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, watu wametoka Machame, wamepanda kilima kwa miguu!"

"Na hawa wametoka chini ya ardhi bila miguu," akasema bibi. "Watoto! Jua hilo!"

Tuliwajibika kwa vipande vya majani ya mgomba, tukiwazoa na kuwapeleka kivulini, huku mdogo wangu akipambana na kuku. Wageni walisimama nje ya masale wakitazama. Babu alikuwa kitini barazani, hakusema kitu, lakini nilimwona akifurahia kuona Wamachame wamezuiwa tena mpakani.

Mimi nikiwa darasa la nne nilijiona mtaalamu. Nilimwokota mmoja mkubwa nikampelekea mshenga, maana alionekana mtu wa kutaka kujua. Hakurudi nyuma. Alikunja koti, akainama. Nikamwonyesha kama tulivyozoea kuonyeshana: ukimpitisha kidole kutoka mkia kwenda kichwani, tumboni unasikia vinywele vinakwaruza, ndivyo anavyoshikilia ardhi, ukimweka juu ya karatasi na kutega sikio, unasikia mchakacho mdogo anavyotembea. Mshenga akatoa bahasha mfukoni, akamlaza juu yake, akaisogeza sikioni. Akasikiliza kweli, macho yameelekea juu. Baba mkubwa akashika kichwa, kwa sababu bahasha ile ilikuwa barua ya posa.

"Na hiki kimkanda shingoni?" akauliza.

"Ni pete," nikamwambia. "Wenye pete wameshaoa." Hiyo ilikuwa elimu yetu wenyewe, wala haikuwa mbali na ukweli: mkanda ule hutokea akikomaa, na ndio unaofuma kifuko cha mayai.

"Huyu ni bwana au bibi?"

Hapo sikuwa na jibu. Leo ningemwambia kila mmoja ni bwana na bibi kwa pamoja, wakikutana wote wawili huenda wakataga, na wazee wa pande zote mbili wangeshinda kutwa wakigombana nani alete mbuzi. Akajijibu mwenyewe. "Basi huyu hana mshenga," akasema, akamrudisha kiganjani kwangu, akafuta bahasha kwa leso.

Bibi alipoona hivyo akamwambia apite. Yeye tu. Wengine wakangoja mpaka ua ukaisha nyungunyungu.

Mazungumzo yenyewe sikuyasikia, tulifukuzwa. Najua yalianza kwa Kichagga, wakashindwa kuelewana kwa mambo ya msingi, maana cha kwao na cha kwetu havifanani sana, wakahamia Kiswahili. Najua Sina alitajwa. Na najua barua ilipokelewa ikiwa na alama ya tope pembeni, kwa sababu shangazi aliitunza, akaja kutuonyesha alipokuwa mama wa watoto watatu.

Jioni mshenga alitoka akamwendea bibi jikoni. Alisema ana bustani ya mboga, udongo wake umekuwa mgumu kama tofali, kila mwaka anaongeza mbolea ya chumvichumvi na kila mwaka anavuna kidogo. Bibi akamuuliza kama anaacha majani ardhini. Anayafagia, akasema, anayachoma, pawe safi.

Bibi akamtazama kwa huruma ambayo shangazi hakuipata siku nzima. Akachukua ndoo, akatutuma nyuma ya zizi. Tukajaza samadi iliyooza, tukachagua vibarua wanene, tukafunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa ugwe. Mdogo wangu alilia kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ndani. Nikamwambia Mwenyekiti mwingine nimemwona kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, asubuhi, akanyamaza.

"Machame wapo pia, Mama," mshenga akasema kwa adabu, akiitazama ile ndoo.

"Wapo. Hawajafundishwa kazi."

Tuliwasindikiza chini ya kilima, ndoo ikiwa baina yangu na mdogo wangu. Dereva alikuwa ameshaitoa Land Rover kwenye tope kwa msaada wa vijana. Akauliza humo ndani kuna nini. Mmoja wa wageni, ambaye mbege ilikuwa imeshamkolea, akalifunua jani ili amwonyeshe.

Dereva akaruka nyuma. "Mimi na hiyo ndoo hatupandi gari moja," akasema.

Mshenga akanyoosha mkono. "Basi lete ufunguo."