Mgeuze Simba Kwanza: Kukagua Sanamu za Bronzi za Wanyama za Paris

Anayenunua sanamu ya kale ya mnyama kwa kawaida huangalia uso: meno, macho, manyoya. Mimi nasema anza tumboni. Mgeuze mnyama taratibu juu ya taulo, mulika ndani kwa tochi, na mengi utayajua kabla hamjaanza kuzungumzia bei. Hapa naandika juu ya sanamu za bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) za Paris za karne ya 19, kazi za wachongaji wa wanyama walioitwa animaliers, kwa kuwa zimenakiliwa mno na nakala zake zimezagaa minadani kote.

Aliyeufungua mtindo huu ni Antoine-Louis Barye (1795–1875). Alianzia kwenye usonara, na mkono wa sonara unaonekana katika kazi zake zote. Alikwenda Jardin des Plantes, ambako wanyama walifugwa katikati ya Paris, akawachora walio hai na kupima mizoga ya waliokufa. Mara nyingine alikuwa na mchoraji Eugène Delacroix. Mwaka 1831 alipeleka kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, simbamarara anayemla mamba, na mwaka 1833 simba aliyemkanyaga nyoka. Mtazame huyo simba kwa karibu. Kucha zimetoka, ngozi ya pua imekunjamana, na nyoka ameinua kichwa huku kinywa kiko wazi. Hakuna taji wala ngao ya mfalme, ni mnyama na windo lake. Wakosoaji walibeza kwamba hiyo si sanaa ya heshima, na neno animaliers lenyewe lilianza kama kejeli.

Pierre-Jules Mêne (1810–1879) alikuwa mtulivu zaidi: farasi, mbwa wa kuwinda, mbuzi. Farasi wake wawili wa Kiarabu wa mwaka 1852, waliokaribiana shingo, ndio wanaoonekana sana sokoni. François Pompon alikuja baadaye na kuyaondoa manyoya yote. Dubu wake mweupe wa mwaka 1922 ni umbo laini tupu. Kwa Pompon kagua mstari wa nje, kwa Barye kagua mikunjo.

Mikunjo ndiyo inayomfichua mnakili. Nyingi za bronzi hizi zilisubiwa, yaani bronzi iliyoyeyushwa ilimiminwa ndani ya kalibu ya mchanga, mara nyingi vipande vipande: kichwa, mkia, mguu. Vipande viliunganishwa kwa pini, kisha fundi akapita na patasi ndogo na tupa, akikata kila unywele upya. Anayetengeneza nakala bila mfano wa asili huchukua sanamu iliyokwisha kusubiwa na kuitengenezea kalibu. Bronzi ikipoa hupungua kwa asilimia 1.5 hadi 2 hivi, kwa hiyo kilichokuwa sentimita 40 kinatoka na 39.2 au 39.4. Tafuta vipimo vya sanamu hiyo hiyo kwenye katalogi ya jumba la makumbusho. Louvre na Walters Art Museum ya Baltimore zina kazi nyingi za Barye. Pima urefu wa kitako cha bronzi chenyewe, wala si jiwe lililoongezwa chini. Lakini usihukumu kwa rula pekee, kwani sanamu nyingi zilitolewa kwa saizi kadhaa tangu mwanzo. Kama vipimo vimepungua kidogo namna hiyo, na pia kucha ni butu na manyoya yanafanana na uji ulioganda, acha.

Muhuri wa kiwanda nao una habari yake. Barye alifilisika mwaka 1848, na mifano yake, ile ya asili iliyotumika kutengenezea kalibu, ikawa mikononi mwa mdai wake hadi mwaka 1857. Alipofariki, mifano iliuzwa mwaka 1876, na nyingi ilinunuliwa na Ferdinand Barbedienne, mwenye kiwanda kikubwa cha kusubu. Kwa hiyo kazi ya Barye yenye maandishi F. BARBEDIENNE FONDEUR (fondeur ni msubu) si lazima iwe ya kughushi. Ikiwa ni yake kweli, imesubiwa vizuri kutokana na mifano halali, ila baada ya mchongaji kufa, na bei ipimwe hivyo. Saini tupu isikushawishi, maana kalibu hunakili saini pamoja na mkia.

Sasa turudi tumboni. Bronzi ya zamani ndani ni ya rangi ya shaba iliyofifia, yenye mabaki ya mchanga na vumbi la miaka. Ukikuta rangi nyeusi imepakwa sawasawa mpaka ndani, jiulize inaficha nini. Nati za zamani mara nyingi ni za mraba zisizolingana pande. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya karne ya 20, ingawa huenda ni matengenezo tu. Jiwe la marumaru lililong'arishwa chini ya mnyama wa Barye pia litie shaka, kwani kwa kawaida wake husimama juu ya ardhi ya bronzi iliyosubiwa pamoja nao.

Sumaku haitakusaidia sana: itanasa chuma, lakini bronzi na zinki zote hazivutwi. Zinki ndiyo mbadala wa bei nafuu uliokuwa ukipakwa rangi ifanane. Igonge kwa kifundo cha kidole. Bronzi hulia kama kengele ndogo, zinki hutoa mlio mfu. Palipokwaruzika chini, bronzi ni ya manjano na zinki ni ya kijivu. Zinki pia huvunjika kwenye vifundo vya miguu, na haikubali kulehemiwa kirahisi kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 419 tu za Selsiasi. Kama inauzwa kwa bei ya zinki na jina la zinki, sina ugomvi nayo.

Rangi ya juu ilipatikana kwa kemikali na moto, na ni nusu ya thamani. Watu huiharibu kwa wiki moja: limau, majivu, siki, dawa ya kung'arisha shaba. Usiguse hivyo vyote. Vumbi litoe kwa brashi laini. Uchafu ulioganda, tumia pamba yenye maji yaliyochujwa madini na tone la sabuni isiyo kali, kausha papo hapo, kisha paka nta safi ya fundi wa makumbusho, nyembamba kabisa, na usugue kwa kitambaa.

Kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Muscat, adui mkubwa ni chumvi na unyevu wa hewa. Kijani kigumu kilichoshikamana na bronzi hakina haraka. Kijani cheupe kama unga, kinachotoka kwa kidole na kurudi baada ya siku chache, ni ugonjwa wa bronzi: kloridi, yaani kemikali zitokazo kwenye chumvi, zinakula shaba kutoka ndani. Itenge sanamu hiyo na nyingine, futa unga kwa kijiti cha mbao ukiwa umevaa barakoa, iweke kwenye kabati lenye mlango unaofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uweke kipimo cha unyevu humo ndani. Kisome kila asubuhi. Kikizidi asilimia 40, badilisha vifuko. Unga ukirudi hata hapo, mpelekee mhifadhi wa makumbusho, kwa sababu dawa inayozuia kloridi hizo ni sumu na si ya kutumiwa mezani nyumbani.