Maji ya beseni

Leo kanisani, hapa Goma, tumesoma Yohana 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu.

Kisha mchungaji akavua koti, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya kijana mmoja anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.

Kijana akarudisha miguu chini ya benchi. Aliona haya.

Visigino vyake vimepasuka, na vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo limejaa ndani ya nyufa. Mchungaji alisugua kwa kidole gumba, ufa mmoja baada ya mwingine.
Maji yakawa meusi tii.

Nikamkumbuka Yuda. Yesu alimwosha miguu na yeye, akijua kabisa atamsaliti!

Hapo ndipo panaponishinda. Kumtumikia rafiki naweza. Aliyeniumiza, bado naomba neema.

Wapendwa, ninyi mmewezaje? Niambieni.